Nani Amwamuruye Mwenzake: Mwandishi au Kompyuta?

Katika Kizimkazi Dimbani, kusini ya kisiwa cha Unguja, umo msikiti wa kale ambao kwenye mihrabu yake yamechongwa maandishi ya Kiarabu kwa mwandiko wa Kikufi. Maandishi hayo yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani mwaka 1107 Miladia, na ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Fundi aliyeyachonga alikuwa na chombo mkononi na jiwe mbele yake. Baina ya mkono wake na herufi hapakuwa na mtu wa tatu.

Mwanafunzi wa sekondari wa Kizimkazi ya leo akiketi mbele ya kompyuta, hali yake ni nyingine. Baina ya kidole chake na herufi inayoonekana kwenye kioo wamo wapatanishi wengi: kibodi, mfumo endeshi, dirisha la programu, na ule ubao wa kunakilia ambapo maneno huwekwa yanaponakiliwa mahali pamoja ili yabandikwe pengine. Kila mpatanishi ana uwezo wa kuigeuza herufi kabla haijafika. Naye mwanafunzi, aghalabu, hajui kwamba imegeuzwa, wala hajui kwamba anaweza kukataza.

Hoja ya makala haya ni kwamba elimu ya kompyuta inayomfundisha kijana kubonya vibonye peke yake ni elimu nusu. Nusu ya pili ni kumfundisha kuiamuru zana yake ya kuandikia kwa amri fupi alizozitunga mwenyewe. Amri za namna hiyo zikiandikwa pamoja huitwa skripti, na si jambo la wataalamu peke yao.

Kisa cha ng'onda

Chukua mfano wa mwanafunzi wa Kizimkazi Mkunguni aliyepewa na mwalimu wake kazi ya kukusanya maneno ya uvuvi yatumikayo kijijini. Baadhi ya maneno anayaandika mwenyewe kwa kibodi. Mengine anayanakili kutoka katika waraka wa mwenzake, na mengine kutoka katika ukurasa wa intaneti. Hatimaye anataka kujua neno "ng'onda", yaani samaki aliyepasuliwa na kukaushwa juani, limetokea mara ngapi katika kazi yake. Macho yake yanaliona mara tisa. Kompyuta inajibu kuwa ni mara nne.

Kompyuta haikukosea kuhesabu. Kosa limo katika ritifaa. Katika orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta iitwayo Unicode, kila herufi na kila alama ina namba yake. Ritifaa iliyonyooka, ile iliyomo kwenye kibodi, ni namba 39. Ritifaa iliyopinda, ambayo programu nyingi za ofisini huiweka badala ya ile ya kwanza kwa kudhani kwamba zinapamba maandishi, ni namba 8217. Nayo ritifaa iliyokusudiwa kuhesabiwa kama herufi, sawasawa na a au b, ni namba 700. Kwa jicho la binadamu zote tatu ni kitone kimoja juu ya mstari. Kwa kompyuta ni vitu vitatu mbalimbali, kwa hiyo "ng'onda" moja imekuwa maneno matatu yasiyojuana.

Jambo hili si dogo katika Kiswahili. Lugha nyingine huitumia ritifaa kuonyesha kuwa herufi fulani imeachwa. Katika Kiswahili ritifaa ni sehemu ya sauti yenyewe. Ikidondoka, neno "ng'oa", yaani kutoa kitu kwa nguvu kutoka kilipojishika, linakuwa "ngoa", yaani wivu au tamaa. Programu iliyotungwa na watu wasiokijua Kiswahili haina sababu ya kuliona hilo. Hata mtaa mkubwa unaopakana na Mji Mkongwe, Ng'ambo, jina lake hukatwa vipande viwili na programu zinazodhani kwamba neno huishia penye ritifaa.

Kuna na makosa mengine ya aina hiyo. Zimo programu za kuandikia ambazo herufi "i" ikikaa peke yake huigeuza kuwa herufi kubwa, kwa kuwa ndivyo Kiingereza kitakavyo. Mwanafunzi aandikaye "nyumba i wazi" hurudishiwa sentensi yenye herufi kubwa katikati, ilhali sentensi yake ilikuwa Kiswahili safi. Kadhalika maneno ya lahaja ya kusini ya Unguja hupigiwa mstari mwekundu kama kwamba ni makosa. Baraza la Kiswahili la Zanzibar lilichapisha kamusi ya lahaja ya Kimakunduchi mwaka 2012. Lakini mstari mwekundu hautoki kwenye kamusi hiyo, unatoka kwenye orodha ya maneno aliyoitia mtengenezaji wa programu. Kijana akiona kila siku maneno ya bibi yake yanatiwa wekundu, mwisho ataamini kuwa bibi yake ndiye aliyekosea.

Safari ya herufi

Ili kutawala chombo, hapana budi kujua kinavyofanya kazi. Kitufe cha kibodi kikibonywa hakipeleki herufi. Hupeleka namba ya kitufe, na mfumo endeshi hutazama katika jedwali ni herufi gani iliyopangiwa namba hiyo. Kisha herufi hupelekwa kwenye dirisha lililo mbele wakati huo. Jedwali hilo laweza kubadilishwa, na programu yenye dirisha yaweza kuweka jedwali lake lenyewe juu yake.

Ubao wa kunakilia nao hufikiriwa na wengi kuwa ni sanduku. Katika mfumo wa madirisha uitwao X Window, ulioanzishwa katika chuo cha MIT cha Marekani mwaka 1984 na unaotumika bado katika kompyuta nyingi za Linux, sanduku hilo halipo. Programu ambamo maneno yamenakiliwa hutangaza tu kwamba yenyewe ndiyo yenye maneno. Dirisha jingine likitaka kubandika, huuliza mwenyewe ni nani, kisha humwomba ayalete katika sura fulani: maandishi matupu, au maandishi yenye rangi na mapambo, au picha. Ndiyo maana, pasipokuwa na programu nyingine ya kuyahifadhi, dirisha la kwanza likifungwa kabla ya kubandika maneno hupotea. Katika mifumo mingine mfumo endeshi wenyewe hushika amana hiyo, lakini kanuni ya sura mbalimbali ni ile ile. Anayebandika huchagua sura, na asipochagua yeye, huchaguliwa.

Desturi ya kukata, kunakili na kubandika haikushuka na kompyuta. Iliundwa na watu. Larry Tesler na Tim Mott waliifanyia kazi katikati ya miaka ya 1970 katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, walipotunga kihariri kilichoitwa Gypsy. Kilichoundwa na watu chaweza kurekebishwa na watu.

Kwa kuwa ubao wa kunakilia ni mahali pa kupitia, si mahali pa siri, mwanafunzi ajue pia kwamba programu nyingine zaweza kuusoma. Simu za iPhone zilianza kumwarifu mwenyewe pindi programu inapochungulia ubao huo mwaka 2020, na zile za Android zikafuata mwaka 2021. Namba ya siri ya akaunti ya fedha ya simu haifai kunakiliwa na kuachwa humo.

Kihariri chenye udugu na Afrika ya Mashariki

Vipo vihariri vya maandishi vinavyomruhusu mwandishi kuvitungia amri. Emacs, kilichoanzishwa na Richard Stallman na wenzake mwaka 1976, ni kimoja. Kingine ni Vim, kilichotolewa mara ya kwanza kwa watu mwaka 1991 na Bram Moolenaar, Mholanzi aliyefariki mwaka 2023. Vim hutolewa bure, huendeshwa hata na kompyuta dhaifu, na mipango yake iko wazi kwa yeyote apendaye kuisoma.

Kihariri hiki kina uhusiano na Afrika ya Mashariki ambao watumiaji wake wengi hapa hawaujui. Mwaka 1994 Moolenaar alikwenda Kibaale, katika wilaya ya Rakai, kusini ya Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Alifanya kazi huko kwa muda wa mwaka mmoja katika mradi wa maji na usafi wa kituo cha watoto, ambao wengi wao walikuwa wamefiwa na wazazi kwa UKIMWI. Aliporudi kwao hakutoza bei ya programu yake. Aliwaomba walioipenda watoe mchango kwa ajili ya watoto wa Kibaale. Hata sasa amri ya Vim ":help uganda" hufungua maelezo ya jambo hilo. Hivyo kwa miaka mingi waandishi wa programu duniani kote, walipofungua zana yao, walikumbushwa kijiji cha Rakai. Yasikitisha ikiwa wanafunzi wa nchi jirani ndio wa mwisho kuijua zana hiyo.

Amri moja, kisha nyingine

Mwalimu aweza kuanza kwa jaribio la dakika tano. Katika Vim, kishale kikiwekwa juu ya alama yoyote na kubonywa herufi "ga", kihariri hutaja namba ya alama hiyo. Wanafunzi wapewe waraka wenye "ng'onda" kutoka sehemu mbalimbali, nao wapime ritifaa moja moja. Watakapoona 39 hapa na 8217 pale, watakuwa wamegundua wenyewe chanzo cha tatizo, nao ugunduzi ndio mwanzo wa sayansi.

Hatua ya pili ni kukifundisha kihariri kwamba ritifaa ni sehemu ya neno la Kiswahili. Amri yake ni mstari mmoja:

set iskeyword+=39

Maana yake: katika orodha ya alama zinazojenga neno, ongeza alama namba 39. Tangu hapo Ng'ambo ni neno moja. Lakini kila dawa ina madhara yake, na mwalimu asiyafiche. Neno lililofungwa kwa alama moja moja za kunukuu sasa litameza alama ya kufungia, kwa kuwa nayo ni ileile namba 39. Darasa litalazimika kukubaliana kunukuu kwa alama mbili mbili. Makubaliano ya namna hiyo ni sehemu ya kazi ya uandishi.

Hatua ya tatu ni kutunga amri mpya na kuipa jina. Vim hukubali amri za mtumiaji mradi jina lianze kwa herufi kubwa. Basi na iandikwe:

command Safisha %s/[‘’ʼ]/'/ge

Alama ya asilimia yamaanisha waraka wote. Herufi "s" yaamuru badiliko. Ndani ya mabano ya mraba zimo alama zilizopinda na ile namba 700. Baada ya mkwaju unaofuata imo ritifaa iliyonyooka itakayokaa mahali pao. Herufi "g" yasema kila mahali katika mstari, na "e" yasema kihariri kisilalamike kikikosa cha kubadilisha. Kuanzia hapo mwanafunzi akishabandika maneno huandika ":Safisha", na waraka wote hurudi kwenye ritifaa moja.

Hatua ya nne ni kuunganisha ubao wa kunakilia, kibodi na dirisha kwa pamoja. Vim ina akiba ishirini na sita za maneno, zenye majina ya herufi a hadi z, na tena ina mlango uitwao "+" unaofungukia ubao wa kunakilia wa kompyuta nzima. Mstari huu humfanya mwandishi abandike na kusafisha kwa kitufe kimoja:

nnoremap <F5> "+p:Safisha<CR>

Yaani kitufe cha F5 kikibonywa, leta yaliyomo katika ubao, kisha tekeleza Safisha. Zipo Vim zilizojengwa bila mlango huo. Amri ":echo has('clipboard')" ikijibu 1, mlango upo. Mistari yote hii ikihifadhiwa katika faili liitwalo .vimrc, au _vimrc katika Windows, itatumika kila kihariri kifunguliwapo.

Hatua hizo hazikomei kwenye ritifaa. Kwa amri "mkspell", orodha ya kawaida ya maneno, neno moja katika kila mstari, hugeuzwa kuwa kikagua tahajia. Darasa la Kizimkazi laweza kutunga orodha ya maneno ya kwao, na maneno ya bibi yakakoma kutiwa wekundu. Tena Vim huruhusu kutungwa jedwali la vitufe kwa herufi za mwandiko mwingine. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya kuenea herufi za Kilatini, nazo sauti zisizokuwamo katika Kiarabu zilihitaji ubunifu. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, aliongeza alama ili mwandiko huo utoshe sauti za Kiswahili. Katika karne hii Kevin Donnelly ametunga zana ziitwazo Andika! kwa ajili ya kuandika Kiswahili kwa herufi hizo katika kompyuta. Mwanafunzi anayepanga kwamba kitufe cha "p" kilete پ na "ch" ilete چ anaendeleza kazi ya Sikujua kwa chombo kingine.

Mapingamizi na majibu yake

Watakuwapo watakaosema kwamba ofisi hazitumii Vim, na kwamba kijana afundishwe kile atakachokikuta kazini. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa wazazi hupeleka watoto shuleni wakitarajia riziki. Lakini kinachofundishwa hapa si jina la programu. Programu za ofisini nazo zina skripti zake, na aliyekwisha kuelewa kwamba maneno yana namba, kwamba ubao una sura nyingi, na kwamba kitufe chaweza kupangiwa kazi, huvuka kutoka programu moja hadi nyingine bila shida kubwa. Aliyekariri mahali kilipo kibonye hupotea siku kibonye kinapohamishwa.

Wengine watasema kuwa jambo la maana ni kutafsiri. Kweli, tafsiri ni heshima kwa lugha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanya kazi ya kusifiwa kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Hata hivyo menyu iliyotafsiriwa humwambia mtumiaji kwa Kiswahili mambo ambayo mwingine ameyaamua. Amri ya ":Safisha" ni kinyume chake: Kiswahili ndicho kinachoamuru na kompyuta ndiyo inayotii. Yote mawili yanahitajika, lakini hili la pili limepuuzwa mno.

Pingamizi la tatu ni upungufu wa kompyuta na umeme. Hilo haliwezi kukanushwa kwa maneno. Lakini somo hili ndilo linalohitaji vifaa vichache kuliko yote. Amri ya mstari mmoja huandikwa ubaoni kwa chaki, hujadiliwa, hukisiwa matokeo yake, kisha hujaribiwa katika kompyuta moja mbele ya darasa zima. Kompyuta kuukuu isiyoweza kubeba programu nzito za ofisini huibeba Vim bila kulemewa.

Yabaki pingamizi la nne, kwamba maneno ya msingi ya amri hizi ni mikato ya Kiingereza na kwamba yanatisha. Ni kweli, nayo yatakaa hivyo. Lakini fundi wa ngalawa katika ufuo wa Kizimkazi hakuyeyusha mwenyewe chuma cha tezo yake. Alichofanya ni kuitia mpini kwa kipimo cha mkono wake, na akainoa apendavyo. Hakuna aliyemwambia kuwa tezo si yake.

Wajibu sasa ni wa walimu na wa watunga mitaala. Kila darasa la kompyuta liwe na faili lake la amri, lililotungwa na wanafunzi wenyewe, lenye majina ya Kiswahili, na kila kundi linaloingia lirithi faili hilo, lilisahihishe na kuliongeza. Walimu wa Kiswahili washirikiane na walimu wa kompyuta, kwani tatizo la ng'onda halitatatuliwa na mmoja wao peke yake. Gharama ya kuanza ni mistari mitatu. Gharama ya kutoanza ni kizazi kinachoandika lugha yake kwa kanuni za wasioijua.